Kuondoa diski inayobana neva kiunoni: mwongozo kamili wa operesheni na tafiti zake

Mwongozo huu unashughulikia operesheni moja tu: kuondoa kipande cha diski kilichochomoza na kubana mzizi wa neva kiunoni, kupitia tundu dogo na kwa msaada wa hadubini. Upasuaji wa uti wa mgongo ni mpana, lakini anayeijua hii moja barabara atakuta kwamba kupanua mfereji wa neva uliobana, kuweka skrubu, hata kurudia operesheni iliyokwama, vyote vinadai nidhamu ileile. Tena ni operesheni iliyochunguzwa kwa majaribio mengi, kwa hiyo tunaweza kusema mengi kwa ushahidi badala ya mazoea.

Nimewaandikia madaktari wanaojifunza upasuaji na manesi wa chumba cha upasuaji. Mgonjwa anayetaka kujua atakachofanyiwa naye atafaidika, hasa na hatua mbili za mwanzo. Kusoma hapa hakumpi mtu ruhusa ya kushika kisu. Kazi hii hujifunzwa ubavuni mwa mwalimu, mkono kwa mkono.

Utaona nimekaa muda mrefu kabla hatujafika kwenye ngozi. Ni makusudi. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya matokeo mabaya ya upasuaji wa diski huwa yameshaamuliwa kabla mgonjwa hajalala mezani: amechaguliwa asiyestahili kupasuliwa, au imehesabiwa pingili isiyo yake.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba mguu na picha vinasema jambo moja

Operesheni hii hutibu mguu. Mtu ambaye shida yake kuu ni mgongo kuuma, na mguu unamsumbua kidogo tu, hana sababu ya kutegemea nafuu kubwa, hata kama picha ya MRI inaonyesha diski iliyotoka waziwazi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa ni hili: ungeambiwa uchague kimoja kipone, mgongo au mguu, ungechagua kipi? Anayejibu "mguu" bila kusita yuko kwenye njia sahihi.

Baada ya hapo mwache aonyeshe maumivu kwa kidole, asikuelezee kwa maneno tu. Herufi L ni pingili za kiuno, S ni za sakramu, yaani mfupa ulio chini ya kiuno, na namba huhesabiwa kutoka juu. Mzizi wa L5 hupeleka maumivu upande wa nje wa muundi, juu ya wayo, hadi kidole gumba. Mgonjwa hushindwa kukiinua kidole hicho ukikikandamiza. Mzizi wa S1 hushuka nyuma ya paja na shavu la mguu hadi ukingo wa nje wa wayo. Rifleksi ya kifundo hupotea, na akiambiwa asimame kwa ncha ya mguu mmoja mara kumi mfululizo huchoka mapema upande ulioathirika. Mzizi wa L4 hupita mbele ya paja, ukavuka goti hadi upande wa ndani wa muundi, na rifleksi ya goti hupungua.

Kumbuka mpangilio wa neva. Diski ya L4–L5 ikitokeza nyuma na pembeni kidogo, kama inavyotokea mara nyingi, hubana mzizi wa L5 unaopita hapo ukielekea chini. Ikitokeza mbali kabisa pembeni, nje ya tundu la kutokea neva, hubana L4. Diski ni ileile, neva tofauti, na njia ya kuifikia ni tofauti pia. Anayesoma ripoti ya MRI bila kuangalia picha mwenyewe ataangukia hapa siku moja.

Kipimo cha kuinua mguu ulionyooka kinajulikana na kila mwanafunzi, ila wengi hawajui uzito wake. Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyotazama wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, yalikuta kwamba kinawanasa karibu 92% ya wenye diski iliyotoka, lakini kinawaachilia 28% tu ya wasio nayo. Ukiinua mguu usiouma na maumivu yakatokea kwenye mguu mbovu, mambo yanageuka: 28% tu ya wenye tatizo huonyesha dalili hiyo, lakini wasio nalo 90% hawaionyeshi. Kwa ufupi, cha kwanza kikikosekana kikutie shaka. Cha pili kikipatikana kikupe imani.

Kuna mtego mmoja unaostahili dakika zako mbili. Mgonjwa anakuja wayo wake umelegea, hawezi kuuinua. MRI inaonyesha diski ya L4–L5. Je, ni mzizi wa L5 au ni neva iliyobanwa pembeni ya goti, pale inapozunguka kichwa cha fibula, mfupa mwembamba wa nje wa muundi? Mwambie ageuze wayo kuelekea ndani dhidi ya mkono wako. Msuli unaofanya kazi hiyo hupata L5 kupitia neva nyingine isiyopita pale fibulani. Ukiwa dhaifu, tatizo liko juu, mgongoni. Ukiwa na nguvu zake kamili, weka kisu pembeni na uchunguze goti kwanza. Chunguza nyonga pia, na gusa mapigo ya ateri za miguu. Nyonga iliyosagika na mishipa ya damu iliyoziba huiga maumivu ya diski vizuri mno.

Kuhusu picha yenyewe: mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa 37% ya wenye miaka 20 na kwa 96% ya wenye miaka 80. Diski zilizovimba zilikuwa 30% kwa miaka 20. Hawa walikuwa watu wazima wa afya, wakitembea zao. Kwa hiyo picha peke yake si sababu ya kumpasua mtu. Ni lazima ngazi ya diski, upande wake, na mzizi unaobanwa vilingane na kile kidole cha mgonjwa kilichoonyesha.

Hatua ya 2: Amua, ukate au usubiri

Kwanza ondoa dharura. Muulize kila mgonjwa, tena waziwazi bila aibu: unahisi ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Mkojo unatoka kama kawaida, au unasukuma, au unavuja bila kujua? Haja kubwa je? Nguvu au hisia za tendo la ndoa zimebadilika? Majibu haya yanakueleza kama kauda ekwina imebanwa, yaani kile kifungu cha neva kinachoning'inia chini ya mwisho wa ugwe wa mgongo. Pima mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, fanya MRI siku hiyohiyo, na mgonjwa aende kupasuliwa mapema iwezekanavyo. Muda wa saa 48 hutajwa sana, lakini usiuchukue kama ruhusa ya kulala. Neva za kibofu zikishakufa hazirudi kwa sababu ulikuwa bado ndani ya saa zako.

Udhaifu wa misuli unaoongezeka siku hadi siku nao hausubiri.

Waliobaki, na ndio wengi, wana nafasi ya kusubiri. Vipande vya diski hunywea vyenyewe. Mapitio ya mwaka 2015 ya Chiu na wenzake yalikuta vipande vilivyokatika kabisa na kuelea mferejini vilipungua kwa 96% ya wagonjwa, vilivyotoka bila kukatika 70%, vilivyochomoza kidogo 41%, na diski zilizovimba tu 13%. Ni kinyume cha tunavyotarajia kwa macho: kile kipande kikubwa kinachotisha kwenye picha ndicho mwili hukishambulia na kukila, kwa kuwa kimetoka nje ya ganda lake na kufikiwa na mishipa ya damu.

Majaribio makuu yanasemaje? Weber wa Norwei alichapisha mwaka 1983 matokeo ya wagonjwa 126 ambao uamuzi wao haukuwa wazi: waliopasuliwa walikuwa na hali bora baada ya mwaka 1, lakini kufikia mwaka wa 4 tofauti ilikuwa imefifia. Mwaka 2007 Peul na wenzake huko Uholanzi waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka 95% ya kila kundi walisema wamepona. Na 39% ya waliotakiwa kusubiri walishindwa kuvumilia, nao wakapasuliwa.

Jaribio la Bailey na wenzake la Kanada, mwaka 2020, liliwaangalia watu wa aina nyingine: 128 waliokwisha kuumwa miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi 6 maumivu ya mguu yalikuwa 2.8 kati ya 10 kwa waliopasuliwa, na 5.2 kwa waliotibiwa bila kisu. Ukiyaweka majaribio haya pamoja, unapata ushauri unaoweza kumpa mgonjwa kwa lugha ya kawaida: wiki 6 za mwanzo subiri, ukitumia dawa za maumivu na kuendelea kutembea, kuanzia hapo kisu kinakununulia muda, na ukishapita miezi 4 bila nafuu, usitegemee sana kwamba subira itakufikisha mahali pamoja na aliyepasuliwa.

Sema hivyo kwa mgonjwa, kisha nyamaza umsikilize. Mtu anayeweza kuvumilia na asiyetaka kisu ana haki ya kungoja. Asiyeweza kukaa, kulala wala kufanya kazi ana haki ya kuchoka.

Hatua ya 3: Hesabu pingili, kisha hesabu tena

Uchunguzi uliochapishwa na Mody na wenzake mwaka 2008 uliwauliza madaktari wa uti wa mgongo kama wamewahi kupasua ngazi isiyo sahihi. Karibu nusu ya waliojibu walisema ndiyo, angalau mara moja katika maisha yao ya kazi. Hao si wazembe. Kiuno kina mitego.

Mtego mkubwa ni pingili za mpito: pingili ya mwisho ya kiuno imeungana na sakramu, au ya kwanza ya sakramu imejitenga na kufanana na ya kiuno. Aliyesoma MRI anaweza kuita diski hiyo L5–S1, na wewe ukiwa na eksirei ukaiita L4–L5. Fanya hivi: weka eksirei ya kiuno kizima, ya mbele na ya ubavu, kando ya MRI. Hesabu kutoka juu na kutoka chini. Ukiona idadi haielewani, andika kwenye faili kwa maneno, si kwa namba tu: "diski ya pili kutoka chini, juu ya ile ndogo iliyoungana na sakramu." Namba zinaweza kubishaniwa, maelezo kama hayo hayabishaniwi.

Angalia pia tarehe ya MRI. Kama dalili zimebadilika, zimehama mguu, au zimepungua tangu picha ipigwe, piga nyingine. Kuna wagonjwa wanaofika mezani kipande kikiwa kimeshanywea.

Weka alama ya upande mgonjwa akiwa macho, kwa kalamu isiyofutika, yeye mwenyewe akithibitisha. Kisha tumia orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8% na madhara kutoka 11% hadi 7%. Isomwe kwa sauti, watu wote wakiwa wamesimama. Orodha inayojazwa na nesi mmoja pembeni huku wengine wakifunika mgonjwa ni karatasi tu.

Hatua ya 4: Mlaze vizuri

Baada ya nusu kaputi, mgonjwa hugeuzwa kifudifudi juu ya fremu au mito, na tumbo lake lazima lining'inie huru. Sababu ni ya kimwili kabisa: vena za mferejini hazina vali. Mwaka 1940 Batson alionyesha jinsi zinavyoungana na vena za tumbo na nyonga. Tumbo likibanwa, damu hurudi nyuma na kujaza mfereji, nawe utatumia saa nzima ukipigana na damu badala ya kuona neva. Pitisha mkono wako chini ya tumbo kabla ya kufunika. Kama haupiti kwa urahisi, panga upya.

Macho yasiguswe na kitu chochote. Mabega yasivuke nyuzi 90. Viwiko, magoti na vidole vya miguu viwe na mito laini. Kiuno kikunjwe kidogo ili nafasi kati ya lamina, yaani mabamba ya mfupa yanayofunika mfereji kwa nyuma, zifunguke.

Sefazolini, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, gramu 2 iingie mshipani ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Mwenye kilo 120 na zaidi apewe gramu 3.

Hatua ya 5: Kutoka ngozini hadi kwenye lamina

Choma sindano pembeni ya mstari wa kati, upande usiopasuliwa, piga eksirei ya ubavu, kisha chora mkato wa sentimita 3 hivi. Mkato huu mdogo unakupa haki ya kukosea kidogo sana, ndiyo maana eksirei inatangulia.

Pasua ngozi, mafuta, kisha utando mgumu wa misuli upande mmoja tu wa miiba. Sukuma misuli kutoka kwenye mfupa, ukikaa chini ya utando wa mfupa, ambako damu ni kidogo. Simama unapofika kwenye kifuko cha kiungo cha pembeni; ukikichana bure, umemwongezea mgonjwa sababu ya kuumwa mgongo. Weka kipanua jeraha.

Sasa eksirei ya pili, na hii ndiyo ya lazima kuliko zote: kifaa kikiwa kimegusa mfupa, chini ya ukingo wa lamina unayoitaka. Ile ya sindano ilikuonyesha ngozi tu. Picha ibaki kwenye skrini, isifutwe, na daktari wa pili aihesabu kwa sauti kabla ya mfupa kuguswa.

Watumiaji wa mirija wanafika hapo kwa kupitisha bomba moja juu ya jingine, wakitanua misuli bila kuibandua. Foley na Smith waliianzisha njia hiyo mwaka 1997, miaka 20 baada ya Yasargil na Caspar kuleta hadubini katika upasuaji huu. Je, ni bora? Arts na wenzake waliwalinganisha wagonjwa 328 mwaka 2009: mirija haikushinda, na matokeo ya maumivu yalikuwa mabaya kidogo kuliko ya njia ya kawaida. Upasuaji wa endoskopu, yaani bomba jembamba lenye kamera, kupitia pembeni ulifanya vizuri zaidi katika jaribio la Gadjradj na wenzake la mwaka 2022, lenye wagonjwa 613. Maumivu ya mguu hayakuwa mabaya kuliko ya hadubini. Mimi nasema hivi: chagua njia unayoifanya kila wiki. Urefu wa kovu haujawahi kumponya mtu.

Hatua ya 6: Fungua dirisha

Kwenye L5–S1 nafasi kati ya lamina huwa pana, na mara nyingi unatoa mfupa kidogo sana. Kadiri unavyopanda juu, lamina hushuka na kuifunika diski, na lazima ukate zaidi. Hapo ndipo hatari ilipo: lamina za juu ni nyembamba pembeni, na ukila mfupa mno unavunja kile kiungio chembamba kinacholiunganisha tao la nyuma. Kiungo cha pembeni kiachwe angalau nusu yake, bora theluthi mbili.

Kata ukingo wa chini wa lamina ya juu kwa drili au kwa koleo la Kerrison, ukipanda hadi uone mafuta ya manjano hafifu. Mafuta hayo yanakuambia umefika juu ya mwanzo wa ligamenti ya njano, maana yenyewe hushika nusu ya chini ya uso wa ndani wa lamina. Sasa una ukingo huru wa kuingilia. Pitisha kitenganishi butu chini ya ligamenti, kizungushe taratibu, hakikisha dura, ule utando unaozifunika neva, haijanata, ndipo uing'ate kipande kwa kipande. Kerrison huingia tambarare, ukingo wake ukiegemea mfupa, wala haivutwi kabla hujaona kilichomo mdomoni mwake.

Hatua ya 7: Itafute neva kabla ya kutafuta diski

Wanaoanza hukimbilia diski. Tafuta pedikeli kwanza kwa ncha butu, yaani nguzo ya mfupa inayounganisha mwili wa pingili na tao lake. Mzizi unaopita hukumbatia upande wake wa ndani. Ukishapata ukingo wa nje wa mzizi, unajua ulipo. Usipoupata, usikate chochote cheupe. Wakati mwingine mzizi umesukumwa na kubanwa hadi ukawa bapa kama utepe, na unafanana kabisa na ganda la diski. Mara chache mizizi miwili hutoka kwa pamoja, na huo ukiuvuta unaukata.

Usogeze mzizi taratibu kuelekea katikati, bila kuvuka mstari wa kati, na ulegeze mvuto kila baada ya dakika chache. Ikiwa hausogei, usilazimishe. Huenda kipande kimejificha kwapani mwake, kati ya mzizi na kifuko cha dura. Hapo toa kipande kwanza kutoka upande wa ndani, na mzizi utalegea wenyewe.

Vena juu ya diski zizimwe kwa daiathemi (kifaa cha kuchoma kwa umeme) ya ncha mbili yenye nguvu ndogo, au zikandamizwe kwa vipamba vyenye uzi. Nesi ahesabu vipamba hivyo kwa sauti vinapoingia na vinapotoka.

Kipande kilicho huru mara nyingi hutoka chenyewe ukigusa utando unaokifunika: cheupe, chenye nyuzinyuzi, kikubwa kuliko ulivyokitarajia. Linganisha ukubwa wake na picha. Kama MRI ilionyesha kipande kinachoshuka nyuma ya mwili wa L5, na wewe umetoa punje moja mbele ya diski, hujamaliza.

Je, uingie ndani ya diski na kukwangua? Kutoa kipande pekee hupunguza maumivu ya mgongo ya baadaye, lakini kipande kingine hurudi mara nyingi zaidi. Kukwangua sana kuna kinyume chake. Utafiti wa Carragee wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukubwa wa tundu kwenye ganda una uzito: wenye ufa mwembamba walirudiwa karibu 1%, wenye tundu pana karibu 27%. Vipo vifaa vya kuziba tundu pana. Vinapunguza kurudi kwa kipande, ila vimeonekana pia kuambatana na mmomonyoko wa mfupa wa pingili zilizo jirani, na mimi bado sivitamani. Toa vilivyo huru, osha ndani ya diski kwa maji yenye msukumo, vitakavyotoka vitoke, basi.

Ukiingia ndani ya diski, jua kina chako. Usipitishe koleo zaidi ya sentimita 3, na liwe limewekwa alama. Mbele ya diski ya L4–L5 kuna mishipa mikuu ya damu ya nyonga. Ganda la mbele likitobolewa na ateri ikajeruhiwa, damu huenda tumboni, si kwenye jeraha lako. Wewe utaona jeraha kavu huku shinikizo la damu likiporomoka. Daktari wa usingizi akisema shinikizo linashuka bila sababu, acha kila kitu, mgeuze mgonjwa, ita daktari wa mishipa ya damu. Usingoje kuthibitisha.

Hatua ya 8: Kagua, zuia damu, funga

Mwisho wa kazi mzizi unapaswa kusogea sentimita moja hivi bila kukaza, na ncha butu ipite chini yake hadi kwenye tundu lake la kutokea. Osha. Damu ya mfupa izuiwe kwa nta kidogo, ya vena kwa sponji ya jelatini. Toa sponji unazoweza kuziona. Mrija wa kutolea damu kwa kawaida hauhitajiki.

Dura ikichanika, na katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPORT ilichanika kwa 3.1% ya wanaopasuliwa diski kwa mara ya kwanza, usijifanye hukuona. Weka kipamba juu ya tundu, punguza saksheni, panua dirisha uone mwisho wa mchaniko, shona kwa uzi mwembamba au ziba kwa utando na gundi ya fibrini, kisha mwombe daktari wa usingizi apandishe shinikizo la kifua ili ujaribu uvujaji. Funga utando wa misuli hadi usipitishe maji. Waliochanika na kushonwa vizuri katika utafiti huo hawakuwa na matokeo mabaya zaidi miaka ya baadaye.

Hatua ya 9: Siku na wiki zinazofuata

Atembee siku hiyohiyo. Pima nguvu za miguu akiwa bado chumba cha kuamkia, ili ukipata udhaifu mpya ujue umeanza lini. Maumivu ya mguu yanayopungua kisha yakarudi kwa nguvu pamoja na ganzi ya sehemu za siri ni damu iliyoganda mferejini hadi ithibitishwe vinginevyo. MRI na chumba cha upasuaji usiku huohuo.

Ganzi ya wayo huchelewa kuondoka kuliko maumivu, na hili mgonjwa aambiwe mapema, la sivyo atadhani operesheni imefeli. Marufuku ndefu za kutoinama na kutobeba hazina ushahidi mzito: jaribio la Bono na wenzake la mwaka 2017 lililolinganisha wiki 2 za tahadhari na wiki 6 halikukuta tofauti. Avutaye sigara aache. Sigara huongeza uwezekano wa kipande kurudi.

Namna ya kusoma tafiti za upasuaji huu

Soma idadi ya waliohama kundi kabla hujasoma hitimisho. Jaribio la SPORT la mwaka 2006 liliwagawa watu 501 kwa bahati nasibu, lakini ndani ya miezi 3 nusu tu ya waliopangiwa kisu walikuwa wamepasuliwa, na 30% ya waliopangiwa kutopasuliwa walikuwa wameshapasuliwa. Ukilinganisha makundi kama yalivyopangwa, tofauti inajificha; ukiyalinganisha kwa walichofanyiwa, umepoteza usawa wa bahati nasibu. Kila upande wa mjadala hunukuu hesabu inayoupendeza.

Uliza pia kama mgonjwa alijua alichofanyiwa. Mwaka 2009 majaribio mawili ya kujaza saruji kwenye pingili zilizovunjika yaliwapa wengine sindano ya kuigiza tu. Nafuu ilikuwa sawa. Tiba hiyo ilikuwa ikisifiwa kote hadi siku hiyo.

Uliza nani amelipia. Machapisho 13 ya mwanzo yaliyofadhiliwa na kiwanda kuhusu protini ya kuotesha mfupa, BMP-2, hayakutaja dhara hata moja lililotokana nayo kwa wagonjwa 780. Carragee na wenzake walipoyapitia upya mwaka 2011, madhara yalikuwepo, tena si machache.

Na ukiambiwa kila aliyepanuliwa mfereji aongezewe skrubu, kumbuka jaribio la Försth na wenzake la Swideni la mwaka 2016, lenye wagonjwa 247: walioongezewa kuunganishwa kwa pingili hawakuwa bora baada ya miaka 2 kuliko waliopanuliwa tu.

Tunza hesabu zako mwenyewe. Maumivu ya mguu na ya mgongo, kila moja kwa alama 0 hadi 10, pamoja na dodoso la Oswestry linalopima jinsi mgongo unavyomzuia mtu shughuli zake, kabla ya operesheni, baada ya miezi 3 na baada ya mwaka. Ayajaze mgonjwa bila daktari aliyempasua kuwepo chumbani. Mbele yake watu huwa na adabu kuliko ukweli.

Maumivu yakirudi

Uliza kulikuwa na kipindi cha nafuu au la. Aliyeamka na maumivu yaleyale, bila nafuu hata siku moja, huenda alipasuliwa ngazi isiyo yake, au kipande kilibaki, au diski haikuwa chanzo. Rudi kwenye eksirei ya siku ile na uihesabu upya. Aliyepona miezi kadhaa kisha ghafla mguu ukashikwa tena ana uwezekano mkubwa wa kipande kipya. Aliyepona kidogo, kisha maumivu yakajengeka polepole, fikiria kovu. Na mwenye mgongo unaouma zaidi kila siku kuanzia wiki chache baada ya operesheni, hasa usiku, pima CRP, kipimo cha damu cha dalili za maambukizi, na ufikirie maambukizi ya diski, hata kama jeraha limekauka vizuri.

MRI ya kurudia ipigwe pamoja na dawa ya gadolinia. Kovu hunywa dawa na kung'aa lote. Kipande cha diski hubaki cheusi katikati na kung'aa ukingoni tu. Kipande hupasuliwa tena, na matokeo ya operesheni ya pili huwa mazuri kwa aliyewahi kupata nafuu. Kovu peke yake usilipasue: unatoa kovu, na mwili unaweka jingine palepale.